Kovu Lisilokubali Kukoma: Keloidi Inavyoanza, Inavyotibiwa na Nani Ajihadhari

Kwenye saluni za Mwanga hapa Kigoma, kwenye vijiwe vya bodaboda pale Mwandiga, hata kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi wa Kasulu, swali hili haliishi: ule uvimbe mgumu unaoota mahali palipokuwa na kidonda ni kitu gani? Mmoja atasema ni damu chafu. Mwingine atasema ni kula mayai. Wa tatu ana namba ya mtu anayeuza dawa ya kuikausha kwa siku saba. Na hakosekani wa kunong'ona kwamba ni saratani, na mwenye uvimbe wake akisikia hivyo anajifunga kilemba na kunyamaza.

Majibu ni mengi, na mengi kati yake yanaumiza watu. Nimeona sikio lililokatwa kwa wembe likarudi na uvimbe mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Nimeona kifua kilichopakwa dawa ya kuunguza mpaka kovu dogo la chunusi likageuka kuwa jipande pana linalowasha usiku kucha. Waliofanyiwa hivyo hawakuwa wazembe. Walikuwa na tatizo la kweli, wakatafuta msaada kwa aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu hakujua anachokigusa. Kwa hiyo tuanzie chini kabisa, kwenye ngozi yenyewe.

Ngozi inavyojiziba

Ngozi ina tabaka jembamba la juu, hili tunalolipaka mafuta kila asubuhi, na chini yake tabaka nene lenye mishipa ya damu, mizizi ya nywele na nyuzi imara za protini iitwayo kolajeni. Ukikwaruzika juu juu tu, ngozi hujirudi na baada ya muda huoni kitu. Jeraha likizama hadi tabaka la chini ndipo kovu hupatikana, kwa sababu hapo mwili hauwezi kuirudisha ngozi ile ile. Unaziba pengo kwa kolajeni mpya, na kiraka hicho ndicho kovu.

Kazi yenyewe huenda kwa hatua. Siku za kwanza damu inaganda, sehemu inavimba na kupata joto, huku seli za kinga zikisafisha uchafu na vijidudu. Kisha seli nyingine huanza kutengeneza kolajeni kwa wingi na kwa haraka, bila mpangilio mzuri, ilimradi tundu lizibwe. Baada ya hapo inakuja hatua ndefu kuliko zote, inayoweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Kolajeni iliyozidi inavunjwavunjwa, iliyobaki inapangwa vizuri, na kovu linalainika, linashuka, linapoa rangi. Ndiyo maana kovu la miezi miwili linatisha kuliko kovu lile lile likishatimiza mwaka na nusu.

Sasa mfikirie fundi aliyeitwa kuziba ufa mmoja ukutani. Fundi wa kawaida anaziba, analainisha, anakusanya vifaa vyake na kuondoka. Fundi mwingine akishaziba haondoki. Anaendelea kupiga lipu juu ya lipu mpaka inatokeza, kisha anaupita ufa na kuanza kupaka sehemu ya ukuta iliyokuwa nzima. Saruji yake ni nzuri na nia yake ni njema, ila hajui pa kuishia. Keloidi ni kazi ya fundi huyo wa pili. Seli zinazotengeneza kolajeni zinaendelea na kazi miezi na miaka baada ya kidonda kufunga, na zinavuka mipaka ya kidonda chenyewe.

Mtu akilielewa hilo, atajua mara moja kwa nini kuikata keloidi na kuishia hapo hakumalizi kitu. Ukibomoa lipu iliyozidi umeacha ufa mpya, mpana kuliko wa kwanza, na fundi ni yule yule.

Makovu mawili yanayochanganywa

Si kila kovu lililotuna ni keloidi, na hapa ndipo watu wengi hupotezewa hela zao. Lipo kovu nene la kawaida. Hili huanza kuinuka mwezi mmoja au miwili baada ya jeraha, linakuwa jekundu au jeusi zaidi, linakaza, linawasha, lakini halivuki mipaka ya kidonda. Kama mshono ulikuwa mstari, kovu litabaki mstari, ila mnene. Kovu hili hupenda sehemu zinazovutwavutwa na maungio, na huonekana sana baada ya kuungua na baada ya upasuaji. Habari njema ni kwamba kwa kawaida hushuka lenyewe taratibu, hasa likisaidiwa.

Keloidi ina tabia nyingine. Inaweza kuchelewa, ikaanza miezi mitatu au hata mwaka na zaidi baada ya kidonda kupona, wakati mwenyewe ameshasahau kama aliumia. Inavuka mipaka. Tundu la hereni ni la milimita moja, lakini uvimbe unaofuata unakuwa wa gololi, baadaye wa limau. Inawasha, inachoma, wakati mwingine inauma ukilalia upande huo. Na haishuki yenyewe. Inaweza kusimama kukua kwa miaka, kisha ikaendelea.

Njia rahisi ya kuzitofautisha nyumbani ni kujiuliza: jeraha la mwanzo lilikuwa na ukubwa gani, na lilikuwa wapi hasa? Kovu likiwa limekaa palepale, vuta subira huku ukilitunza. Likiwa limetoka nje ya pale, tafuta tiba mapema, maana keloidi changa na laini hukubali dawa kuliko iliyokomaa.

Keloidi si saratani, haisafiri kwenda kwenye ini wala mapafu, na haiambukizi. Unaweza kulala kitanda kimoja na mwenye keloidi maisha yako yote usipate chochote. Lakini kusema si saratani kusifanywe sababu ya kuipuuza. Binti wa kidato cha pili anayefunga shingo kwa mtandio kwenye jua la saa nane ili wenzake wasione uvimbe wa sikioni ana tatizo, na linastahili kutibiwa.

Nani yuko hatarini

Watu wenye ngozi nyeusi ndio huipata zaidi. Waasia nao huipata, na Wazungu huipata kwa nadra. Inafuata ukoo: mama, shangazi au kaka akiwa nayo, na wewe jihesabu uko karibu nayo. Umri wake hasa ni kati ya miaka 10 na 30, wakati mwili unakua na homoni zina kasi, na wanawake wengi huona keloidi zao zikikua au kuwasha zaidi wakati wa ujauzito.

Sehemu za mwili nazo zina tofauti kubwa. Ndewe za masikio, katikati ya kifua, mabega, mgongo wa juu, shingo na taya ndizo keloidi huzipenda. Kwenye viganja, nyayo na kope za macho ni nadra sana kuonekana. Mtu mmoja anaweza kuwa na keloidi tatu kifuani na kovu la gotini lililolala kabisa, na akashindwa kuelewa kwa nini. Sababu ni mahali. Ngozi ya kifua na mabega inavutwa kila unapopumua na kuinua mkono, na mvutano huo unaichochea kazi ya kutengeneza kolajeni.

Kwetu Kigoma majeraha yanayoanzisha makovu haya yanajulikana. Kutoga masikio ni la kwanza. Chunusi za kifuani na mgongoni kwa vijana ni la pili, na wengi hawalijui. Kijana anakuja akisema uvimbe "umejiotea tu", kumbe ulianza na chunusi aliyoikamua. Tetekuwanga huacha majeraha mengine. Chale za kwa mganga, zikipigwa kifuani au begani kwa mtu wa ukoo wenye keloidi, zinaweza kuota moja baada ya nyingine kwa mstari ule ule zilivyopangwa. Kovu la chanjo ya kifua kikuu kwenye mkono wa juu huvimba kwa watu wachache, na hiyo si sababu ya kumnyima mtoto chanjo. Kifua kikuu kinachoshika utando wa ubongo wa mtoto mchanga hakilinganishwi na kovu la mkononi.

Kisha kuna kinyozi. Vile vipele vigumu vinavyoota kisogoni, palepale mashine inapopita kuchonga mstari, huanza pale nywele zilizokatwa chini sana zinapojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Vinyweleo vinavimba, vinatunga usaha, vinapona kwa kovu, na kila wiki mashine inarudi juu yake. Baada ya mwaka mtu ana ukanda mgumu kutoka sikio hadi sikio. Huu ni ugonjwa wenye jina lake kwa madaktari, si keloidi halisi, lakini njia ya kwanza ya kuutibu iko mikononi mwa mwenyewe: asinyoe karibu na ngozi, aache nywele fupi kidogo, asiruhusu wembe, na avae kola isiyosugua.

Mafuta ya moto

Hili nalitenga peke yake kwa sababu ndilo linaloharibu watoto wetu. Mkoa wa michikichi ni mkoa wa mapipa ya kuchemshia chikichi na masufuria ya mawese yanayotokota jikoni chini kabisa, kwenye mafiga, mahali mtoto wa miaka miwili anapofika bila kunyanyua hata mkono. Mawese yana joto kali kuliko maji yanayochemka na yananata kwenye ngozi, kwa hiyo yanazama ndani zaidi. Ongeza eksozi ya bodaboda inayochoma shavu la mguu wa abiria anayeshuka upande wa kulia, na kikaango cha dagaa.

Kanuni ya moto ni moja: kidonda kikichukua muda mrefu kupona, kovu litakuwa nene. Kilichofunga ndani ya siku kumi mara nyingi huacha baka tu. Kikipita wiki tatu bila kufunga, uwezekano wa kovu kutuna unapanda sana. Kwa hiyo vita dhidi ya kovu inaanza dakika ile ile ya ajali. Mimina maji safi ya bomba au ya ndoo, ya baridi ya kawaida wala si barafu, juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Hata kama saa moja au mbili zimepita, bado yanasaidia. Mvue bangili, shanga na nguo isiyonata. Kwa mtoto mdogo, poza pale palipoungua tu na mfunike sehemu nyingine asije akapata baridi. Usitoboe malengelenge. Funika kwa kitambaa safi na uondoke kwenda zahanati.

Dawa ya mswaki, unga wa ngano, ute wa yai, mafuta ya taa, kinyesi cha ng'ombe: vyote hivi nimevikuta juu ya vidonda vya watoto. Havipozi moto. Vinaziba joto ndani, vinaleta vijidudu, na nesi atalazimika kuvikwangua ili aone kidonda, kwa maumivu ambayo mtoto hakustahili. Kidonda kikioza kinachelewa, na kikichelewa kovu linatuna.

Tena kwenye maungio kuna hatari ya ziada. Kovu la moto kwenye kiwiko, goti, kwapa, shingo au vidole linajikunja na kuvuta kiungo mpaka kisinyooke. Mama akimwonea huruma mtoto na kumwacha akunje mkono kwa sababu ndivyo anavyopata nafuu, baada ya miezi michache mkono unabaki umekunjika. Mtoto anyooshwe kiungo kila siku kama atakavyoelekezwa na mtaalamu wa viungo, hata akilia.

Maneno yanayozunguka

Tuyachukue yale yanayorudiwa sana. Mayai, nyama na dagaa haviotishi keloidi. Mwili unaoziba kidonda unahitaji protini, na mgonjwa wa mshono anayelishwa ugali na kisamvu kitupu kwa hofu ya yai anacheleweshwa kupona. Kama mtu anawashwa baada ya kula mayai, huo ni mzio, na hauhusiani na keloidi. Damu chafu nayo haina mahali hapa. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha keloidi, na dawa ya kusafisha damu haiigusi.

Wapo wanaoamini hereni za dhahabu haziotishi. Dhahabu safi inapunguza mzio kwa wale ambao ngozi yao haielewani na madini ya bei rahisi, na mzio ukipungua uvimbe nao unapungua. Lakini keloidi haisababishwi na hereni. Inasababishwa na tundu. Mwenye asili ya keloidi akitogwa kwa sindano ya dhahabu bado ametogwa.

Kuifunga kwa uzi au unywele mpaka ikatike ni kuanzisha kidonda kichafu kwenye shina la keloidi, na kinachoota baadaye kina msingi mpana zaidi. Maji ya betri na majani ya kuunguza ni hivyo hivyo, na hapo unaongeza hatari ya pepopunda. Krimu kali za steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na mwasho, zinazouzwa dukani bila cheti, zile zile zinazochanganywa kwenye mkorogo, hazipenyi kwenye kovu nene. Zinachofanya ni kuikondesha na kuibabua ngozi nzima inayolizunguka.

Na kurogwa? Najua watu ninaowaheshimu wanaoamini hivyo, hasa keloidi ikiota bila jeraha wanalolikumbuka. Ninachowaomba ni kutazama ukoo wao. Wakikuta shangazi na babu mdogo walikuwa nayo, basi maelezo wanayo nyumbani, na hakuna jirani wa kulaumiwa.

Tiba zilizopo

Dawa inayotumika sana duniani kwa keloidi ni steroidi iitwayo triamsinoloni, inayochomwa ndani ya kovu lenyewe. Haichomwi mkononi wala kwenye makalio. Inafaa mtu ajue kinachomngoja. Daktari atapima kovu na kulishika kuona ugumu wake. Anatumia sindano nyembamba, lakini kovu ni gumu, kwa hiyo inabidi asukume kwa dole gumba kwa nguvu, na kovu linapauka kadiri dawa inavyoingia. Inauma. Ndiyo maana mara nyingi dawa huchanganywa na ya ganzi. Zoezi lenyewe ni la dakika chache na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kisha anarudi baada ya wiki nne hadi sita, na tena, na tena. Kinachopungua kwanza ni mwasho na maumivu. Ugumu unafuata, na kimo kinashuka mwishoni. Mtu aliyetarajia uvimbe utoweke baada ya sindano moja atasema dawa haifanyi kazi, na kwa maoni yangu hapo ndipo wagonjwa wengi wanapotupotea. Ametoka Buhigwe au Kakonko, ametumia nauli, ameumia, halafu anajitazama kwenye kioo na uvimbe uko palepale. Hakuna aliyemwambia kwamba ile ilikuwa ya kwanza kati ya kadhaa. Mtoa huduma anayesoma hapa, tafadhali liseme hilo kabla hujavuta dawa kwenye bomba.

Sindano hizi zina madhara ya kujua. Ngozi juu ya kovu na pembeni yake inaweza kuwa nyeupe kwa miezi, au kukonda hata vimishipa vikaonekana. Mzunguko wa hedhi unaweza kuvurugika kidogo. Mwenye kisukari aseme mapema kwa sababu sukari inaweza kupanda, na mjamzito aseme pia.

Iko dawa nyingine inayochanganywa na triamsinoloni kovu likiwa sugu, iitwayo fluorourasili. Asili yake ni dawa ya saratani. Mgonjwa akisikia hivyo asidhani amefichwa ugonjwa. Inatumika kwa kipimo kidogo, ndani ya kovu tu, kwa sababu inazuia seli zinazozaliana kwa kasi. Mjamzito haipewi. Njia nyingine ni kugandisha kovu kwa nitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Inafaa kwa keloidi ndogo, ila kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huacha baka jeupe, na mtu aambiwe kabla ili achague mwenyewe.

Upasuaji ndio wengi wanauomba kwanza. Tatizo lake nimeshalieleza: keloidi ikikatwa peke yake bila kinga nyingine, inarudi kwa watu 45 hadi 100 kati ya kila 100, kulingana na mahali ilipo na mtu mwenyewe. Hiyo si bahati nasibu ya kucheza na uso wako. Upasuaji unafaa ukiwa na mpango wa baadaye tayari: sindano za steroidi zinazoanza kwenye kovu jipya na kuendelea kwa miezi, au mionzi inayotolewa ndani ya siku chache baada ya kukata, au hereni ya kubana inayolikandamiza sikio. Daktari akikuambia "tutakata", muulize palepale: "Na baada ya kukata, tutafanya nini isirudi?" Akikosa jibu, usilale kwenye kitanda hicho bado. Mashine za mionzi ziko hospitali za Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Kwa watoto na wajawazito mionzi hii haifai.

Kuna pia vibandiko na jeli ya silikoni. Havina maajabu kwenye keloidi kubwa ya zamani, lakini kwa kovu jipya vina msaada wa kweli. Kidonda kikishafunga kabisa, kibandiko kinavaliwa saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi miwili hadi mitatu au zaidi. Kinaoshwa kwa sabuni na kurudishwa. Joto la pwani ya ziwa linaleta jasho na vipele chini yake, kwa hiyo kipumzishwe na ngozi ikauke.

Kwa mtu wa Kigoma, pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, au Kabanga kwa walio upande wa Kasulu. Uliza kama kuna tabibu aliyesomea ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kimekuwa kikiwafundisha madaktari na pia matabibu wa ngazi ya kati, ili wilaya nazo zipate wa kwao. Kama unatumia bima, uliza kabla ya siku ya sindano ni kipi kinalipiwa. Keloidi ya sikioni wakati mwingine huhesabiwa kuwa ya urembo, na ni vizuri kuandikiwa kwamba inauma na kuwasha kama ndivyo ilivyo.

Si kila uvimbe mgumu ni keloidi

Uvimbe unaokua haraka bila jeraha lolote, unaotoka damu, uliochanika na kuwa kidonda, au wenye rangi ya zambarau, upimwe. Kuna saratani za ngozi, chache lakini zipo, zinazojifanya keloidi kwa muda mrefu. Vinundu kwenye masikio yote mawili kwa mtu ambaye hakutogwa, pamoja na mabaka yenye ganzi, vinaweza kuwa ukoma, na dawa za ukoma hapa nchini hutolewa bure na zinaponya. Na mzee mwenye kovu kubwa la moto la tangu utotoni, likipata kidonda kisichopona kwa wiki na miezi, asikifunge tu kila siku kwa kitambaa. Saratani inaweza kuota ndani ya kovu la zamani, na ikikatwa mapema inapona.

Kabla ya kidonda kinachofuata

Ambaye ameshapata keloidi moja ana nafasi kubwa ya kupata nyingine, kwa hiyo aepuke majeraha ya hiari: kutoga tena, kuchora tatuu, kuondoa vidoti vya kuzaliwa kwa ajili ya urembo tu. Upasuaji wa lazima ufanyike bila hofu, ila daktari aambiwe mapema. Mama anayejua ana keloidi na amepangiwa kujifungua kwa upasuaji aseme hivyo kliniki, na tena kwa anayemwandaa siku hiyo, ili mshono ushonwe bila kuvutwa na ufuatiliwe tangu wiki za mwanzo.

Chunusi za kifuani zitibiwe zikiwa chunusi. Kijana asizikamue. Mshono mpya upumzishwe usivutwe: ulioko begani, usibebe ndoo kwa mkono huo hadi uambiwe. Kovu jipya likianza kuwasha na kuinuka, hapo ndipo pa kwenda, likiwa bado dogo kuliko punje ya mahindi. Sindano mbili tatu za wakati huo zinaweza kukuepusha na kumi za baadaye.

Kuhusu watoto wa kike, utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uliwatazama watu waliopata keloidi kwa kutogwa, na ukaonyesha kwamba matundu yaliyotogwa kuanzia miaka 11 na kuendelea ndiyo yaliyoota keloidi zaidi kuliko ya utotoni. Familia yenye keloidi isiufanye huo kuwa ruhusa ya kutoga mapema. Uamuzi ulio salama kwao ni kutotoga kabisa. Kama binti ameshatogwa na sikio limeanza kukakamaa nyuma ya tundu, hereni itolewe siku hiyo hiyo, asiongezwe tundu la pili, na apelekwe kupimwa wiki hiyo. Madukani ziko hereni za kubana zisizohitaji tundu. Zinavaliwa harusini, zinavuliwa usiku, na hakuna mgeni atakayejua tofauti.